Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: mtoto wa pumu asingojee stima

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu, tunakuandikia kuhusu spesa, kile kichupa kinachounganisha inhela, yaani kopo la dawa ya kuvuta, na mdomo wa mtoto.

Mtoto akibanwa na kifua usiku, zahanati nyingi hungojea nebulaiza, mashine ya stima inayogeuza dawa kuwa mvuke. Ni moja, ina foleni, na stima ikipotea haina kazi. Ilhali shambulio lisipokuwa la kutishia maisha, inhela ya salbutamoli yenye spesa hufungua kifua sawa na mashine. Bila spesa, dawa hugonga ulimi na koo la mtoto, ikaishia tumboni.

Pasipo pesa ya kununua, chupa ya plastiki ya nusu lita yatosha. Toboa kitako kwa waya wa moto uliokunjwa umbo la mdomo wa inhela, pachika inhela ikaze, ziba kwa gundi hewa isivuje. Mtoto avutie kwenye mdomo wa chupa. Mdogo sana atahitaji barakoa. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli na dawa ikagandia humo humo.

Tikisa, bonyeza mara moja, mtoto apumue mara 5 hadi 10, ndipo ubonyeze tena. Wengi hubonyeza mfululizo, na hapo dawa hupotea. Wa miaka 5 kushuka hupewa mibonyezo 2 hadi 6 kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Wa miaka 6 hadi 11, mibonyezo 4 hadi 10. Kipimo cha kidole cha oksijeni ya damu kikisoma chini ya asilimia 90, oksijeni haina kungoja.

Linalotuuma zaidi ni safari ya kurudi nyumbani. Mtoto hupewa salbutamoli ya maji ya kunywa, inayochelewa kufanya kazi na kumtetemesha mikono, bila beklometasoni ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Uvimbe ukibaki, atarudi. Asiruhusiwe kutoka wodini kabla mzazi hajashika inhela na spesa akaonyesha mwenyewe mbele ya muuguzi. Aambiwe pia, kwa upole, kuhusu moshi wa makaa na wa udi. Udi ni wetu, lakini usifukizwe chumbani mwa mtoto huyu.

Dawa zikiagizwa tena, tunaomba beklometasoni na spesa zifike zahanati za Likoni, Jomvu na Kisauni, si hospitali kubwa pekee.

Wako,
Wahudumu wa afya ya watoto, Mombasa