Onyo limetoka, nani aamuru watu waondoke?

Mhariri,

Kila yanapotokea maafa, kurasa zako hujaa helikopta, mahema, magunia ya misaada na viongozi waliovaa mabuti. Sina ugomvi na picha hizo. Kinachonikera ni kwamba maswali huanza kuulizwa siku ya pili, maji yakishapita. Ukichunguza vizuri utaona kuwa wengi walipotezwa na zile saa za kabla ya tukio, wakati onyo limeshatoka na hajulikani ni nani wa kuwaambia watu waondoke.

Wataalamu huugawa usimamizi wa maafa katika hatua nne: kupunguza hatari, kujiandaa, kukabiliana na tukio na kurejesha maisha. Mimi naona palipo na ufa mkubwa ni kati ya ya pili na ya tatu. Mji wa Armero nchini Colombia uliangukia hapo hapo. Volkano ya Nevado del Ruiz ilikuwa imetoa dalili kwa miezi mingi, na kufikia Oktoba 1985 ramani ya maeneo ya hatari ilikwisha chorwa, Armero ikiwa ndani yake. Tarehe 13 Novemba majivu yalianza kudondoka alasiri. Wakazi wakaambiwa watulie, wabaki majumbani. Baada ya saa tatu usiku mlima ulilipuka, barafu ya kileleni ikayeyuka, na yapata saa tano na nusu tope likaufunika mji. Walikufa zaidi ya watu 20,000. Kutoka mlipuko hadi tope kufika zilipita zaidi ya saa mbili, na miinuko ya usalama haikuwa mbali.

Sayansi ilikuwepo, basi. Waliokuwa na mamlaka waliogopa gharama na aibu ya kuhamisha mji mzima halafu lisitokee lolote. Hofu hiyo ninaielewa: anayehamisha watu bure husutwa hadharani, na vyombo vya habari havimwachi. (Ninyi pia, Mhariri, mna sehemu yenu hapo.) Dawa yake ni kukubaliana mapema, wakati mbingu ni safi. Maji ya mto yakifika alama fulani, watu wa bondeni wanaondoka, na mwenye kutoa amri anajulikana kwa cheo chake pamoja na wa kumkaimu akiwa hayupo. Hakuna kuitisha kikao usiku wa manane.

Bangladesh walilijifunza hilo kwa bei ya kutisha. Kimbunga cha Novemba 1970, nchi hiyo ikiwa bado Pakistan ya Mashariki, kiliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Mwaka 1972 ukaanzishwa mpango wa watu wa kujitolea wa vijijini, ambao leo ni zaidi ya 70,000. Hupandisha bendera za ishara, hupita na vipaza sauti, hugonga mlango kwa mlango na kuwabeba wazee hadi kwenye majengo ya kujihifadhi. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa, na waliokufa nchini humo hawakufika hamsini. Bahari ni ile ile na pwani ni ile ile tambarare. Kilichoongezeka ni majengo imara, utabiri bora, na jirani anayeaminika akisimama mlangoni kusema twende.

Huyo jirani ndiye mara nyingi anayesahaulika katika habari zenu. Tetemeko la mji wa Kobe, Japani, la 1995 lilipoangusha nyumba, walio wengi waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na jamaa na majirani, kwa sababu vikosi haviwezi kuwa kila mtaa katika saa za mwanzo. Kumfundisha mtu wa mtaani kuzuia damu na kuzima gesi hakupigwi picha nzuri, lakini ni uokoaji.

Vikosi vikishafika, swali la nani anaamuru hurudi kwa sura nyingine. Mioto ya California ya 1970 iliua watu 16 ndani ya siku 13, na ilionekana kuwa idara za zimamoto zilizokuja kusaidiana zilitumia masafa tofauti ya redio na hata majina tofauti kwa vifaa vile vile. Humo ndimo ulimozaliwa mfumo wa kamanda wa tukio: amri moja, lugha moja, na kila msimamizi kuwa na watu watano hivi wa kuwaangalia, saba wakizidi sana.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Maafa yajayo yakitokea, waandishi wako waulize onyo lilitolewa saa ngapi na lilimfikia nani, amri ya kuhama ilikuwa ya nani kutoa, na mara ya mwisho zoezi la kuhamisha watu lilifanyika lini. Tena wasingoje maafa. Maswali hayo yanaweza kuulizwa wiki hii, na ofisi itakayoshindwa kuyajibu ipewe ukurasa wa mbele.

Ni mimi,
Msomaji wako