Panya buku wawe somo darasani

Mhariri,

Binti yangu wa darasa la tano aliniuliza kama panya anaweza kutibu watu. Nikamsimulia habari za panya buku wa Morogoro, wanaofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya mmoja hunusa sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 hivi, akabaini kifua kikuu ambacho pengine hadubini ilikikosa. Kisha maabara huthibitisha. Mwenzao Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alinusa mabomu ya ardhini Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020.

Tangu siku hiyo mtoto haishi maswali. Nakuomba ututengee safu ya maswali ya watoto, yajibiwe na wanasayansi wetu wenyewe.

Mzazi,
Dodoma