Lile jedwali mmelisoma nusu

Mhariri,

Miaka yote nimewasoma kimya kimya, lakini makala yenu ya Jumapili kuhusu Napoleon Chagnon, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeanza kuwachunguza Wayanomami, jamii ya msitu wa Amazon, huko Venezuela mwaka 1964, imenishinda. Mmeandika kwamba wanaume waliowahi kuua huzaa mara tatu ya wenzao, kwa hiyo vita vimo damuni mwetu. Mwanafunzi wangu ameikata makala hiyo na kuibandika kwenye kazi yake, akahitimisha kuwa mazungumzo ya amani ni kazi bure.

Ni kweli, katika jedwali la Chagnon la mwaka 1988, wanaume 137 walioitwa unokai, yaani waliopitia utakaso wa muuaji, walikuwa na wastani wa watoto 4.91, na wengine 243 wastani wa 1.59. Mkaishia hapo. Jedwali lenyewe limegawanywa kwa umri! Kati ya wale unokai, 75 walishavuka miaka 40. Kati ya wale 243, 78 ni vijana wa miaka 20 hadi 24, ambao hata kuoa wengi wao bado. Mmewapambanisha wazee na vijana. Chukueni rika moja, miaka 31 hadi 40: ni wastani wa watoto 2.83 kwa unokai na 2.02 kwa wengine. Tofauti ipo, lakini mara tatu iko wapi? Tena waliohesabiwa ni walio hai tu; aliyeua akalipiziwa kisasi akiwa kijana, kabla ya kuzaa, hamumwoni humo. Na watu kadhaa wakimpiga mishale mtu mmoja, wote huwa unokai, kwa hiyo idadi yao si idadi ya waliouawa. Brian Ferguson wa Chuo Kikuu cha Rutgers aliukosoa uchambuzi huo mapema, kisha akafuatilia mapanga na mashoka ya chuma: kijiji kilichokaa karibu na misheni kilipata, cha mbali kikakosa, na mapigano yakafuata njia hiyo.

Hata sokwe wa Gombe mnawafanyia hivyo hivyo. Kila mkitaja mauaji ya 1974 hadi 1978, sokwe wa kundi moja walipowaua wa kundi jingine, mnasahau ndizi walizokuwa wakigawiwa kambini kwa watafiti, ambazo wengine wanasema ndizo zilizochochea ugomvi. Wapo wanaopinga kwamba ndizi ndizo chanzo, na wana takwimu za mwaka 2014 kutoka jamii 18 za sokwe, wanazosema hazionyeshi kwamba mauaji hutokana na kuingiliwa na binadamu. Basi wekeni pande zote mbili.

Mkiandika tena habari za Chagnon, chapeni ile mistari minne ya umri ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa ule ule wa kichwa cha habari.

Mwalimu wa anthropolojia,
Dar es Salaam