Bakari, twende tukaimalize hiyo waranti

Fort Worth, Texas
9 Machi

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti wa jana usiku nimeusikiliza mara tatu, na usingizi ukaniruka. Kumbe ndiyo maana tangu mwaka juzi hutaki mizigo ya El Paso! Mimi nilidhani umechoshwa na lile jangwa. Mtu mwenye watoto wanne anaacha mizigo yenye hela kwa sababu ya tiketi ya spidi aliyoandikiwa huko kando ya barabara, sasa anaogopa waranti, yaani amri ya kukamatwa, na hata mkewe hajamwambia. Nimeumia sana. Nimeona simu haitoshi, bora nikuandikie uwe nayo, uisome polepole ukiwa umepaki lori umepumzika.

Nianze na huyo mtu aliyempigia shemeji akijiita sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, na kudai alipwe kwa kadi za zawadi za dukani. Huyo ni tapeli. Hakuna mahakama wala sherifu anayepokea faini kwa kusomewa namba za kadi za zawadi kwenye simu. Mwambie shemeji akate na asimrudie. Lakini usije ukapumua ukadhani yameisha. Yule ni mwongo, ila waranti yako inaweza kuwa ya kweli. Ulitia saini tiketi, tarehe ikapita, hukwenda. Hapa Texas saini ile ni ahadi ya kufika mahakamani, na kuivunja ni kosa jingine peke yake. Kwa hiyo huenda una kesi mbili, ya spidi na ya kutofika, na kila moja ina waranti yake. Nazo hazifi kwa kukaa. Hata ikipita miaka kumi, utazikuta zinakungoja.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta, na sikuwahi kukusimulia. Mwaka 2021 nilisimamishwa usiku kwenye barabara kuu ya I-20, mbele ya mji wa Odessa, maili 11 zaidi ya kibao cha spidi. Muda mfupi baadaye nikahama nyumba, barua za mahakama zikaenda kwa mpangaji mpya. Nikasahau kabisa. Nilipokwenda kuhuisha leseni, dada wa kaunta akatazama kioo cha kompyuta yake, akanitajia kaunti ambayo nisingeweza hata kuionyesha kwenye ramani. Mahakama ilikuwa imepeleka jina langu kwa Idara ya Usalama wa Umma, ile inayotoa leseni, na leseni ikazuiwa. Miguu iliniisha nguvu, Bakari. Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari karibu saa nzima bila kuwasha injini.

Sasa, namna ya kuitafuta. Texas ina kaunti 254. Za mijini zina tovuti, unaandika jina lako na kila kitu kinatokea. Huko bara utakuta namba ya simu na saa za kazi tu, na mchana wanafunga wakale. Usitegemee polisi wa Houston akuangalizie akikwambia uko safi, kwa maana waranti za tiketi mara nyingi haziingizwi kwenye daftari la taifa, zinabaki hukohuko. Tafuta tiketi yenyewe, chini imeandikwa mahakama gani. Kama umeipoteza, jaribu kukumbuka gari la aliyekusimamisha. Likiwa la polisi wa jimbo, lile jeusi na jeupe, au la sherifu, kesi kwa kawaida iko kwa hakimu wa amani wa kaunti, yule wa kesi ndogondogo. Likiwa la polisi wa mji, iko mahakama ya mji huo. Na kaunti moja inaweza kuwa na mahakimu wa amani kadhaa, katika sehemu mbalimbali. Usikate tamaa wa kwanza akisema hakujui.

Ukipiga simu, mwambie karani jina kama lilivyo kwenye leseni na tarehe ya kuzaliwa. Hapa kuna jambo letu sisi wenye majina matatu. Mimi karani aliniambia simo. Nilikaribia kumshukuru na kukata. Kisha nikamwomba ajaribu jina la babu mbele, akajaribu, kimya, nasikia vidole vyake kwenye kibodi. "Oh, huyu hapa." Walikuwa wameniandika kinyumenyume. Kwa hiyo mpe majina yako yote, kwa kila mpangilio, pamoja na namba ya leseni. Muulize namba za kesi zote, siyo moja. Muulize kama hukumu imeshatolewa au bado, maana waranti ya kutofika ni tofauti na ile ya kutolipa faini baada ya hukumu. Muulize pia siku gani hakimu anapokea watu wanaokuja bila kuitwa. Andika jina la karani na saa mliyozungumza. Wala usimwogope, hakutumii askari kupitia simu. Yule wangu alikuwa mama mtu mzima, mpole, na nadhani alifurahi kwamba nimepiga.

Jambo linalonifanya nikuandikie kwa haraka ni hili. Tangu mwaka 2017 sheria ya Texas inamtaka hakimu aifute waranti ya kutofika iwapo mtu amekuja mwenyewe kwa hiari, kabla hajakamatwa, na akaonyesha nia ya kweli ya kuimaliza. Ukikamatwa njiani, faida hiyo umeipoteza. Na sasa ni Machi, Bakari. Huu ndio msimu wa ule msako wa kila mwaka, polisi na makonstebo wa Texas wanapita na orodha zao hadi makazini kwa watu.

Kuhusu pesa, usidhani watakufunga kwa kuwa huna. Tiketi ya spidi adhabu yake ni faini tu. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1983, katika kesi ya Bearden ya kule Georgia, kwamba mtu asifungwe kwa kushindwa kulipa bila kwanza kuchunguzwa kama kweli hana uwezo. Hakimu anaweza kukupa malipo kidogokidogo, au kazi za kijamii badala ya fedha. Beba karatasi za mshahara na risiti ya kodi ya nyumba. Wakili wa bure wa serikali kwenye kesi za faini tupu hutapata, lakini wa kulipa anaweza kukuwekea dhamana waranti iondoke kabla hujafika.

Ila usikimbilie kulipa kwenye simu ili uondokane nayo! Texas kulipa faini ni sawa na kutiwa hatiani. Wewe una leseni ya malori. Kuzidisha spidi maili 15 au zaidi ni kosa kubwa kwetu, na makosa mawili ya namna hiyo ndani ya miaka mitatu yanakuzuia kuendesha lori siku 60. Ile njia ya kwenda darasa la udereva ili kosa lifutwe, sisi haturuhusiwi. Kwa hiyo tazama kwanza tiketi inasema maili ngapi, halafu tuzungumze na wakili kabla hujasema neno. Na kwa kuwa unataka kuomba uraia, fomu yenyewe inauliza kama umewahi kuandikiwa tiketi au kukamatwa. Heri ujibu na kesi imefungwa.

Siku yangu nilifika saa tatu asubuhi. Jengo dogo la matofali, dirisha la kioo lenye tundu, benchi moja. Hakimu hakuwepo. Huko mashambani hakimu wa amani ndiye pia anayekwenda kuthibitisha vifo, na alfajiri ile lori lilipinduka. Alirudi karibu saa sita, vumbi hadi magotini, akanawa mikono, akaniita. Niliomba mkalimani, wakampata kwa simu, kijana wa Lubumbashi. Akaniambia hakimu anauliza juu ya "amande". Nikaduwaa mpaka nikaelewa ni faini. Hakimu aliifuta waranti kwanza, ndipo tukazungumza. Kosa la kutofika likaondolewa, la spidi nikapewa kulipa dola 50 kwa mwezi.

Usitoke pale bila karatasi ya kufutwa iliyopigwa muhuri. Kompyuta zao huchelewa kusasishwa, na ukisimamishwa kesho, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea. Yangu bado iko kwenye lori, ndani ya mfuko wa plastiki.

Mwambie shemeji leo hii, kabla hujafanya kingine. Kisha mpigie karani, unitumie namba za kesi nizungumze na yule wakili aliyenisaidia. Jumapili panda basi uje hapa. Kwenda huko mahakamani gari nitaendesha mimi, wewe usiguse usukani.

Nduguyo,
Saidi