Risala ya Kikundi cha Tahadhari ya Mafuriko kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Vipimo vya Mto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya ya Kilosa, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kijiji, viongozi wa dini, walimu, wanafunzi na wananchi wenzetu wa ukingo wa Mkondoa: asalaam aleykum, Bwana asifiwe, na karibuni sana.

Tunakushukuru kwa kukubali kushuka hadi hapa mtoni. Tulitaka uione nguzo hii kwa macho yako, na uione ikiwa imesimama majini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mara nyingi maji yanayotuzamisha si ya mvua iliyonyesha kwetu. Hutokea upande wa Dodoma, yakashuka na mto Kinyasungwe kupitia Gulwe na Godegode, yakapita Kidete, na huku chini tunayapokea kwa jina la Mkondoa. Mtu anaweza kuwa ameanika mahindi juani, mbingu haina hata wingu, na mto unapanda. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 tuta linalokinga mji wa Kilosa lilibomoka, reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Wengi wetu tulio mbele yako tumelala kwenye mahema hayo, na ndiyo sababu tuliunda kikundi hiki.

Nguzo unayoiona ina alama za sentimita kuanzia chini hadi juu, na imepakwa rangi tatu. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Tumetumia maneno hayo makusudi, kwa kuwa ndiyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ili anayesikiliza redio na anayesikia filimbi ya kitongojini wasichanganyikiwe. Chini ya daraja tumening'iniza kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti hadi kwenye maji na kupima muda yanaochukua kurudi. Kinatumia sola na laini ya simu, na maji yakifika kwenye njano kinatuma ujumbe kwa wenyeviti wa vitongoji. Fundi simu wa hapa kijijini ndiye anayekitunza. Alichojifunza ni kwamba adui mkubwa wa kifaa hiki ni nyigu, wanaojenga ndani ya tundu lake, kikaanza kutoa vipimo vya uongo. Sasa kinasafishwa kila Jumamosi, na kila kipimo chake huhakikishwa na mtu anayeisoma nguzo kwa macho kabla filimbi haijapigwa. Tahadhari ya uongo ikitolewa mara mbili, ya tatu hakuna atakayeamka.

Wanafunzi wa darasa la sita wanasoma kipima mvua cha shule kila siku saa tatu asubuhi na kuandika kwenye daftari. Wamejua kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na wamekwisha kulipigia hesabu paa la darasa lao. Tunajivunia sana watoto hawa.

Mheshimiwa, ruhusu tueleze zaidi kuhusu zoezi tulilofanya usiku, maana ndilo lililotufundisha kuliko vifaa vyote. Filimbi zilipigwa, kipaza sauti cha msikiti kikatangaza, kengele ya kanisa ikalia. Vijana walifika shuleni, kwenye mwinuko, haraka. Lakini bibi mmoja hatukumwona. Tulimkuta zizini amekaa na mbuzi wake, akatuambia hawezi kuwaacha, kwani ndio ada ya mjukuu wake. Hatukuwa na jibu. Tangu usiku ule tulibadili utaratibu wote: rangi ya njano si ya kusubiri, ni ya kuhamisha mifugo, magunia ya mahindi, vyeti na dawa. Chungwa ni ya wazee, wajawazito, wagonjwa na watoto. Nyekundu ikifika, asiwepo mtu bondeni. Kila mzee asiye na simu ana kijana wake wa jirani, na jina la kijana huyo limeandikwa mlangoni.

Utaratibu huu unahitaji saa nyingi, na nguzo iliyo hapa mlangoni kwetu haiwezi kutupa saa hizo. Kwa sasa tunategemea jamaa zetu wa Kidete na Godegode watupigie simu wakiuona mto umebadilika rangi, na usiku wao pia wamelala. Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni utuunganishe na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ili vipimo vya mto vya huko juu vitufikie moja kwa moja, mchana na usiku. Kama hakuna kipimo Gulwe kinachoweza kutuma taarifa kwa simu, tunaomba kifungwe. Sisi tutachangia nguvu kazi, mchanga na mawe.

La pili, shule tunayokimbilia haina tenki la maji, na matundu ya vyoo hayatoshi hata wanafunzi wenyewe. Watu wakikaa pale siku tatu, kipindupindu kitatufuata.

Daftari la vipimo hili hapa, Mheshimiwa. Tunaomba ulisaini ukurasa wa leo, kisha mwanafunzi wa zamu atakusomea kina cha mto.

Tunaomba kuwasilisha.