Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji kuhusu tope la Delta ya Rufiji

Mheshimiwa Waziri,

YAH: ARDHI INAYOTITIA KATIKA DELTA YA RUFIJI NA MAJI YA BWAWA LA JULIUS NYERERE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua za kupanda kwa kina cha bahari kwa kawaida hupelekwa Ofisi ya Makamu wa Rais, kwa wenye dhamana ya mazingira. Hii tumeileta kwako kwa makusudi. Bahari hakuna waziri anayeiamuru, lakini mto unaoijenga delta uko chini ya wizara yako, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakutaka utenge akiba ya maji kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mto wenyewe.

Delta ni ardhi iliyoletwa na maji. Tope lililotua mwaka huu ni laini, limejaa maji. Miaka ikipita linashikana, maji yanakamuka, mizizi iliyofukiwa inaoza, na uso wa ardhi unashuka kwa milimita kadhaa bila mtu kuona. Huko ndiko kutitia. Haikuwa tatizo zamani, kwa sababu kila masika mto ulimwaga tabaka jipya juu ya lile lililoshuka. Kwa upande wa bahari, wastani wa dunia kati ya 2006 na 2018 ulikuwa kupanda kwa milimita 3.7 kila mwaka. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ardhi nayo ishuke milimita 3 na isipate tope la kufidia. Kwa miaka kumi tofauti inakaribia sentimita 7. Si kitu kwa mtu wa mlimani. Lakini mahali ambapo ardhi huinuka mita moja tu katika kila kilomita mbili, sentimita 7 zinayasogeza maji ya bamvu (maji kujaa kupita kawaida wakati wa mwezi mpevu na mwezi mchanga) takriban mita 140 ndani ya mashamba.

Sasa tuje kwenye bwawa. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, ukuta wake una kimo cha mita 131, na linaweza kushika maji yanayokaribia mita za ujazo bilioni 34. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, mito mitatu inayoleta karibu maji yote na mashapo yote (mchanga na tope) ya Rufiji, inaingia mtoni juu ya ukuta huo. Hatuombi bwawa livunjwe wala mitambo izimwe. Megawati 2,115 si mchezo, na nchi ilizihitaji. Tunachosema ni kwamba delta haikuwekwa kwenye hesabu ya kila siku ya kuliendesha.

Kuna pendekezo ambalo bila shaka utaletewa mezani: kufungua milango mwanzoni mwa mvua ili maji ya kwanza yenye tope yapite moja kwa moja. Usilikubali kama dawa. Njia hiyo hufanya kazi kwenye mabwawa madogo, ambayo maji hukaa siku chache kisha yakatoka. Hili linaweza kushika maji ya takriban mwaka mzima wa mto. Mchanga wote unatua mwanzoni mwa ziwa, mbali kabisa na ukuta, na kinachofika kwenye mitambo ni chembe nyembamba mno za udongo wa mfinyanzi. Mchanga uliolala kilomita nyingi nyuma ya ukuta hausogei kwa kufunguliwa mlango.

Kwa hiyo mtaji wa mashapo uliobaki kwa delta ni ule ulio chini ya bwawa: mchanga wa kitanda cha mto, kingo, na tambarare ya kuanzia Mloka hadi Ndundu. Maji yanayotoka bwawani yakiwa meupe, bila tope, yana nguvu ya kuchimba, na yataanza kuuchukua mchanga huo. Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kitanda cha mto kikichimbika kikashuka, maziwa ya tambarare kama Zumbi, Ruwe na Uba yatakosa maji ya mto hata mafuriko yakija, kwa kuwa mdomo wa mfereji unaoyalisha utabaki juu. La pili, kila lori la mchanga linalochotwa mtoni chini ya bwawa ni mchanga ambao hautapata wa kuuziba. Vibali vya kuchimba mchanga kwenye kitanda cha Rufiji, kutoka bwawani hadi baharini, visitishwe hadi vipimo vya miaka mitatu vipatikane. Mchanga wa ujenzi upo kwenye matuta ya nchi kavu.

Na vipimo vyenyewe, Mheshimiwa, hapa ndipo mipango mingi hukosea, kwa hiyo tutakawia kidogo.

Kawaida hupendekezwa kipima maji cha rada kwenye gati pamoja na kipokezi cha setilaiti cha kupima mwinuko wa ardhi. Gati la Nyamisati linafaa, na vyote viwili viwekwe. Lakini nguzo za gati kwa kawaida hupigwa hadi tabaka gumu. Kipokezi kilichofungwa juu yake kitaonyesha kushuka kwa tabaka hilo la chini tu, na mita kadhaa za tope lililo juu, ambalo ndilo linashikana haraka na ndilo linaloshika mikoko na mpunga, hazitaonekana kabisa. Mtu anaweza kukuletea taarifa safi kwamba ardhi haijashuka, akawa anasema kweli kuhusu nguzo na si kuhusu shamba.

Cha kupima tope ni kifaa rahisi. Vipande vya nondo ya chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 15 na urefu wa mita 1.2 kila kimoja, huungwa na kupigwa ardhini hadi vikatae kwenda. Kwenye delta hilo linaweza kufika mita 20 na zaidi. Kichwa hujengewa zege. Siku ya kupima hufungwa mkono wa mlalo wenye pini 9, unageuzwa pande 4, na unapata vipimo 36 vya umbali kati ya mkono na uso wa tope. Pembeni, kwenye mraba wa nusu mita kwa nusu mita, humwagwa unga mweupe wa madini ya feldispa. Baada ya miezi sita au mwaka unakata kipande cha tope na kuangalia ule mstari mweupe umefukiwa kina gani. Tope likiongezeka milimita 5 juu ya unga huku uso ukipanda milimita 2 tu, basi milimita 3 zimetitia chini ya unga. Ni hesabu ya kutoa. Viwekwe vitatu vitatu katika kila eneo: mikoko mizima, shamba la mpunga linalolimwa, na shamba lililotelekezwa, kaskazini na kusini mwa delta. Mpimaji akanyage ubao, asikanyage tope analolipima. Nyayo moja inaharibu rekodi ya miaka. Mwaka wa kwanza usitumike kutoa hitimisho, kwa kuwa tope hujaa na kukauka kwa msimu.

Pale Daraja la Mkapa achukuliwe mtu wa kuteka maji: kila siku mto ukiwa umejaa, mara moja kwa wiki ukiwa umepungua. Lita moja, ichujwe, chujio likaushwe kwa nyuzi 105, lipimwe. Kiasi kikubwa cha tope la mwaka hupita katika siku chache za mafuriko, hivyo ratiba ya mara moja kwa mwezi itakosa karibu kila kitu.

Upande wa kiangazi bwawa linaweza kuwa rafiki wa delta. Mtambo mmoja wa megawati 235 ukifanya kazi kikamilifu, kwa hesabu ya kimo cha maji yaliyo nyuma ya ukuta, hupitisha mita za ujazo 200 hivi kwa sekunde. Maji hayo, yakitoka bila kukatika Agosti hadi Novemba, yanasukuma chumvi kurudi kwenye midomo. Hatari ni kuendesha mitambo kwa kufuata saa za watu kuwasha taa, jioni mto unajaa na usiku wa manane unashuka. Tunaomba kiwango cha chini kiandikwe ndani ya kibali cha kutumia maji, kisishuke chini ya maji ya mtambo mmoja, na kipandishwe siku za bamvu, kwani hapo ndipo chumvi hupanda mbali zaidi. Mpunga huanza kupunguza mavuno maji ya udongoni yakifika takriban gramu 2 za chumvi kwa lita. Kwenye gramu 4 na nusu hivi nusu ya mavuno imekwenda. Maji ya bahari yana gramu 35. Tofauti kati ya shamba linalozaa na lisilozaa ni ndogo sana.

Masika nayo yapewe mafuriko ya kupangwa, ili maji yapande juu ya tambarare na kusogeza kile kidogo kilichobaki. Yapandishwe ngazi kwa ngazi kwa siku kadhaa, kwani mpunga hustahimili maji yanayopanda polepole, ila ukifunikwa wote kwa wiki moja au mbili aina nyingi hufa. Yaanze kushuka mapema kiasi cha kuwaacha wakulima wa mlau, kilimo cha baada ya maji kupungua, wapande kwenye unyevu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 hakuna haja ya kueleza kwa nini taarifa iwafikie watu kabla ya maji, kwa simu na kwa mtu wa kupita madunguni, vibandani mwa wakulima mashambani, kwa kuwa huko mtandao hukatika.

Kuhusu mikoko tutasema kifupi. Mizizi yake huinua ardhi hata tope likiwa dogo. Ikikatwa, mizizi inaoza na uso unaporomoka. Mashamba ya mpunga yaliyofunguliwa ndani ya mikoko upande wa kaskazini huzungushiwa tuta linalozuia maji chumvi, na tuta hilo hilo huzuia tope. Ndani kunashuka, nje kunapanda. Likipasuka, chumvi inaingia na haina njia ya kutoka. Tope likikaukia ndani huchacha, maji yakawa na rangi ya kutu, na hapo hata mkoko haushiki. Kwa mashamba yaliyokwisha kuachwa, kinachotakiwa ni kufungua tuta pale kijito cha zamani kilipopita, mpaka usawa wa kitanda cha kijito, na kuacha mbegu ziletwe na maji. Zoezi la kuchomeka miche ya mkoko kwenye tope tupu la ufukweni, na fulana na kamera, liachwe. Mahali ambapo maji hufunika muda mwingi wa siku mche huo hufa, na picha ndiyo inayobaki.

Kwenye visiwa vya delta, visima vichimbwe vifupi na vipana, vichotwe kwa ndoo au pampu ndogo. Maji baridi huelea juu ya ya chumvi: kila sentimita 10 unazoshusha uso wa maji baridi kwa pampu kubwa, chumvi hupanda kuelekea kisimani takriban mita 4. Matangi ya mvua kwenye paa za shule na zahanati yatangulie visima virefu.

Kuhusu wazo la kujenga ukuta wa kuzuia bahari: kuta za Barabara ya Barack Obama na Kigamboni, Dar es Salaam, zilizokamilika 2018 zimesimama kwenye ufukwe wenye mstari mmoja wa kulinda. Delta ina midomo mingi, maji huizunguka ardhi kwa nyuma kupitia vijito, na mawe juu ya tope laini huzama kwa uzito wake. Fedha ya ukuta kama huo ingelipa vipimo vyote tulivyoeleza, na ikabaki.

Tunaomba kibali cha maji cha bwawa kifanyiwe marekebisho kabla ya vuli ijayo, na takwimu za maji yanayotoka bwawani zibandikwe kila wiki kwenye ofisi za kata za Kibiti na Rufiji.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wafuatiliaji wa maji, tope na mikoko ya Delta ya Rufiji

Nakala:
Ofisi ya Makamu wa Rais, Mazingira
Bodi ya Maji Bonde la Rufiji
Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania
Wakuu wa Wilaya, Kibiti na Rufiji