Kwa mdogo wangu uliyeolewa Montego Bay

Mdogo wangu,

Harusi yako ilifana, na kila anayeniuliza hapa nyumbani namjibu hivyo, ingawa tangu turudi kutoka Jamaika hupokei simu zangu na salamu zako zinanifikia kupitia kwa Mama. Sijasahau ulivyohangaika ili sote tufike. Lakini neno ulilonitupia kwenye ngazi za Rose Hall, lile jumba la kale la wenye shamba la miwa lililolimwa na watumwa, mbele ya wakwe zako, halijanitoka moyoni.

Mwongozaji alikuwa akisimulia habari za Annie Palmer, bibi mwenye nyumba anayedaiwa kuwaua waume zake kwa uchawi, kisa ambacho wanahistoria wamekichunguza wakakikuta hakina ushahidi, nanyi mkawa mnajifanya mmeuona mzimu wake. Nikauliza, kwa upole kabisa, waliokata miwa ya shamba lile walikuwa wakilala wapi. Ukageuka na shela lako ukasema: “Kaka, hatukuja matangani.” Wakwe wasiojua hata neno moja la Kiswahili wakacheka kwa kuwa bibi harusi amecheka.

Wewe uliyekulia Bagamoyo! Wewe uliyekuwa ukiwanunia watalii waliopiga picha za mzaha pale Karavanserai, kituo cha kale cha misafara ya pembe na watumwa! Halafu niambie, kisa cha mwanamke muua waume ndicho chenye heri kwa bibi harusi?

Mkirudi huko, tokeni nje ya ukuta wa hoteli mwende mjini, Sam Sharpe Square, nilikokwenda jioni ile mlipokuwa mkikata keki. Hapo kingali kimesimama kijumba walimofungiwa watumwa waliotoroka, na karibu yake sanamu ya Sam Sharpe, shemasi wa Kibaptisti aliyekuwa mtumwa, ameshika Biblia. Ndiye aliyewashawishi wenzake wasirudi shambani baada ya Krismasi ya 1831 mpaka wakubaliwe ujira. Mashamba yakaanza kuwaka moto usiku wa Desemba 27, watu zaidi ya 300 wakauawa kwa hukumu za mahakama, naye akanyongwa mjini humo Mei 23, 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, na mwaka 1975 Jamaika ikamtangaza Sharpe shujaa wa taifa. Ikiwa hayo ni matanga, basi sijui sherehe ni ipi.

Unalalamika kwamba kiti cha marehemu Baba Mdogo, nilichopewa nikikalie kwa niaba yake, kilibaki kitupu. Baba Mdogo, aliyekuwa hapiti kaburi la zamani bila kuuliza ni la nani, angekuwa wa kwanza kupanda teksi, nawe unalijua hilo kuliko mimi.

Mama ananisihi nikuombe radhi. Kuhusu kuondoka mezani, muulize mumeo, kwani nilimuaga yeye. Kuhusu swali langu, sitaomba. Zawadi ya shangazi bado iko kwangu, na amekataa niitume kwa mtu mwingine, kwa hiyo simu yangu utaipokea tu.

Kaka yako